Mkono wa Mganga Katika Mizani ya Utafiti

Neno mganga katika Kiswahili lina milango miwili. Daktari aliyekabidhiwa tiba ya wilaya nzima huitwa Mganga Mkuu, na mzee apigaye ramli chini ya mti huitwa mganga wa kienyeji. Lugha haikuona haya kuwavika watu hawa joho moja, kwa kuwa mgonjwa aliyewaendea wote wawili aliwaendea kwa haja moja, nayo ni kupona. Ni mahali pachache katika Tanzania ambapo maana hizi mbili zimekaa jirani kama zilivyokaa Kolandoto, nje kidogo ya mji wa Shinyanga. Hapo pana hospitali iliyoanzishwa na wamisioni wa Africa Inland Mission, ambao mwaka 1909 walikuwa wamekwisha pokea kituo cha Nassa kando ya Ziwa Viktoria. Pana chuo cha kufundishia kazi za afya. Pana na makazi ya wazee na watu wasiojiweza, ambao baadhi yao walifikishwa hapo na ukoma. Pande zote za majengo hayo ni nchi ya Wasukuma, ambao humwita mganga wao mfumu, na dawa yake huiita bugota.

Wagonjwa wengi wa nchi hiyo hawakuona kosa kuingia kwa milango yote miwili. Aliyeumwa mgongo aliweza kukandwa nyumbani usiku, kumwendea mfumu asubuhi, na siku ya tatu akalazwa wodini. Katika safari hiyo mwili wake ulipita katika mikono mingi, na kila mkono ulikuwa na maelezo yake. Muuguzi alitaja misuli na mishipa. Mfumu alitaja mizimu, au chuki ya jirani. Bibi aliyemkanda kwa maji ya moto pengine hakutaja neno, ila alibonyeza mpaka maumivu yakapungua. Kutokana na mikono hiyo huzuka swali ambalo ni la zamani kuliko hospitali yenyewe. Je, katika kiganja cha mtu mna nguvu ya siri itokayo kwake na kuingia kwa mgonjwa, zaidi ya joto, mbonyezo na faraja? Na kama imo, yaweza kujulikanaje?

Yafaa kwanza kutenga mambo mawili ambayo mara nyingi huchanganywa. Kukanda na kuchua ni kazi za wazi. Kitenzi kukanda hutumika kwa unga wa maandazi na kwa bega la mgonjwa, na katika yote mawili kazi ni ile ile: kiganja hubonyeza kilicho kigumu hata kikalainika. Kazi hiyo huonekana kwa macho, hufundishwa, na mwenye kuifanya vibaya hujulikana mara moja kwa ukelele wa anayekandwa. Jambo la pili ni dai kwamba mkono huhisi na kusukuma kitu kisichoonekana, hata usipomgusa mgonjwa. Wenye dai hilo hukiita kitu hicho nguvu, na siku hizi wengi wao hukiita nishati. Neno hili lina heshima kubwa katika fizikia, ambako nishati hupimwa kwa jouli, na chombo cha mtu mmoja hutoa hesabu ile ile katika mkono wa mtu mwingine. Nishati ya wakandaji haijapata kipimo cha namna hiyo. Imeazima jina la kitu kinachopimika bila ya kukubali kupimwa.

Swali hili halikuzaliwa Usukuma, wala hukumu yake ya kwanza iliyo maarufu haikutolewa Afrika. Katika mwaka 1778 tabibu mmoja aitwaye Franz Anton Mesmer alihamia Paris, akafundisha kwamba viumbe vyote vimezungukwa na majimaji membamba yasiyoonekana, na kwamba maradhi ni kuzuiwa kwa mwendo wake. Yeye na wanafunzi wake waliyaongoza majimaji hayo kwa mikono yao. Wagonjwa walitetemeka, walilia, walizimia, na wengi walikwenda zao wakisema kuwa wamepona. Mfalme Louis XVI aliunda tume mwaka 1784, na ndani yake walikuwamo Benjamin Franklin, balozi wa Marekani, na Antoine Lavoisier, mwanakemia aliyeuelewesha ulimwengu kazi ya oksijeni katika kuungua kwa vitu.

Tume hiyo haikubishana na Mesmer juu ya falsafa. Ilifanya jambo dogo: iliwafunga watu macho. Katika bustani ya nyumba ya Franklin, huko Passy, mwanafunzi mkubwa wa Mesmer aliutia nguvu mti mmoja. Kijana wa miaka 12, aliyechaguliwa na mwanafunzi huyo mwenyewe kwa wepesi wake wa kuhisi, aliletwa akiwa amefungwa kitambaa machoni, akaambiwa akumbatie miti mmoja baada ya mwingine. Alipofika kwenye mti wa nne alizimia. Lakini mti huo haukuwa ule uliotiwa nguvu. Ule ulikuwa mbali naye. Tume ikaona mara kwa mara kwamba mtu aliyesadiki kuwa ametiwa nguvu hutetemeka hata kama hakutiwa, na aliyetiwa bila ya kujua hahisi neno. Ikahukumu kuwa kilichofanya kazi ni dhana ya mgonjwa. Haikusema kwamba wagonjwa walidanganya. Kuzimia kwa kijana yule kulikuwa kweli. Lililokuwa si kweli ni sababu iliyotajwa.

Hukumu ya Paris haikulimaliza dai. Mwaka 1922 Mikao Usui alianza kufundisha katika Japani njia ya kuponya kwa kuweka mikono, ambayo hata leo huitwa Reiki. Katika Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1970, mwalimu wa wauguzi Dolores Krieger pamoja na Dora Kunz walianzisha njia waliyoiita Mguso wa Tiba, ijapokuwa katika sehemu yake kubwa mgonjwa haguswi. Mikono ya muuguzi hupita juu ya mwili kwa umbali mdogo, ikitafuta mahali ambapo uwanja wa nishati umekwama, kisha huulainisha kama mtu alainishaye mikunjo ya shuka. Mafundisho haya yaliingia katika vyuo na hospitali, na wakandaji wengi waliyachanganya na kazi yao, hata mteja aliyekuja kuchuliwa shingo akaambiwa kwamba amerudishiwa pia mizani ya nguvu zake.

Aliyeleta pazia la pili alikuwa mtoto. Emily Rosa, wa jimbo la Colorado, alikuwa na miaka 9 alipobuni jaribio kwa ajili ya maonyesho ya sayansi ya shule yake. Aliweka ubao wa karatasi ngumu wenye matundu mawili. Mtaalamu wa njia ile aliketi upande mmoja, akapitisha mikono yake katika matundu, viganja vikielekea juu, asiweze kuona ng'ambo. Emily alirusha sarafu ili bahati ndiyo ichague, kisha akaweka mkono wake juu ya kiganja kimoja, kwa umbali wa sentimita chache, bila ya kukigusa. Mtaalamu alitakiwa kusema neno moja tu: kulia au kushoto. Wataalamu 21 walijaribiwa, na majaribio yalikuwa 280. Mtu anayebahatisha angepata nusu, yaani kama 140. Wao walipata 123, ambayo ni asilimia 44. Matokeo yalichapishwa mwaka 1998 katika jarida la Chama cha Madaktari wa Marekani, mtoto huyo akiwa na miaka 11.

Wapinzani walikuwa na hoja, nayo yastahili kusikilizwa. Walisema kwamba walioandika makala pamoja naye, akiwamo mama yake, walikuwa wameipinga njia ile tangu zamani. Kwamba wataalamu walikuwa wachache. Na kwamba jaribio halikuuliza kama wagonjwa hupata nafuu. Hoja ya kwanza ingekuwa na uzito mkubwa zaidi kama matokeo yangetegemea maoni ya mwandishi. Lakini kulia na kushoto si maoni. Hoja ya pili ina haki, na dawa yake ni kurudia jaribio kwa watu wengi zaidi. Ama hoja ya tatu ni kweli, walakini haiwasaidii. Wao ndio waliofundisha kwamba mkono huhisi uwanja kwanza, ndipo huutengeneza. Asiyeweza kujua mkono wa mtu uko juu ya kiganja chake kipi, kwa njia gani atajua kwamba nguvu ya ini imekwama?

Msomaji aweza kudhani kwamba mizani hii ni silaha ya hospitali dhidi ya mfumu, na kwamba pale Kolandoto ingeelekezwa nje ya ukuta tu. Historia ya ukoma yamkanusha. Katika nusu ya kwanza ya karne ya 20, dawa iliyotumainiwa na madaktari katika makoloni ya Waingereza ilikuwa mafuta ya chalmugra, yakamuliwayo katika mbegu za miti ya Asia. Yalipakwa, yalinywewa na kuchefua, kisha yalipigwa kwa sindano zilizouma sana, wiki baada ya wiki, mwaka baada ya mwaka. Waliosema kwamba yanaponya hawakuwa wapiga ramli. Walikuwa watu wa vyuo vikuu, nao walikuwa wamewaona kwa macho yao wagonjwa waliopata nafuu. Lakini ukoma ni maradhi yenye kupanda na kushuka, na mgonjwa apataye nafuu baada ya dawa si lazima awe ameipata kwa dawa. Mwaka 1941 Guy Faget alianza kujaribu promini katika hospitali ya Carville, Louisiana. Baadaye ikafuata dapsoni. Na tangu miaka ya 1980 dawa kadhaa huunganishwa pamoja. Chalmugra iliachwa. Utabibu wa hospitali ulihukumiwa katika mizani yake wenyewe, nao ukakubali hukumu. Hapo ndipo penye tofauti yake na uganga mwingine wote, wala si katika rangi ya koti.

Katika Tanzania ya karne hii jambo la mkono lilidhihirika mbele ya taifa zima. Mwaka 2011 makumi ya maelfu ya watu walisafiri hadi kijiji cha Samunge, Loliondo, kwa mchungaji mstaafu Ambilikile Masapila, aliyetoa kikombe cha dawa ya mizizi ya mugariga kwa shilingi 500. Misururu ya magari ilikwenda kilomita nyingi porini, na baadhi ya wagonjwa walifariki njiani. Wataalamu wa serikali waliichunguza dawa, wakatazama kama ina sumu na kama ina manufaa. Lakini mzee mwenyewe alikuwa amekwisha eleza kwamba kikombe hakifanyi kazi mpaka kitolewe na mkono wake. Kwa maneno hayo aliiondoa tiba yake katika maabara. Mzizi waweza kuchemshwa katika chupa ya mkemia, mkono hauwezi. Wakati ule ule wahudumu wa afya walikuwa wakihofia watu wenye virusi vya UKIMWI walioacha vidonge vyao kwa kuamini kuwa wamekwisha pona. Masapila alifariki mwaka 2021. Si rahisi kumshitaki kwa choyo, maana bei yake ilikuwa ndogo. Na kwa sababu hiyo mfano wake unafunza zaidi. Unyofu wa mganga si ushahidi wa dawa.

Walakini Loliondo ni mbali na Shinyanga, na kikombe ni kitu kipole. Katika nchi iliyo kati ya Kolandoto na migodi ya dhahabu ya Geita, dai la kuhisi yasiyoonekana limetoza gharama ya damu. Mfumu wa kupiga ramli husoma matumbo ya kuku, akatambua asili ya ugonjwa. Na asili hiyo mara nyingine huwa na jina la mtu. Serikali ya kikoloni ilitunga Sheria ya Uchawi mwaka 1928, lakini sheria haikuung'oa mzizi. Tangu miaka ya 1970 mauaji ya watu waliotuhumiwa uchawi katika Usukuma yalikuwa mengi kuliko sehemu nyingine yoyote ya nchi, na wengi wa waliouawa walikuwa wanawake wazee. Simeon Mesaki wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ni miongoni mwa wasomi waliolichunguza jambo hili kwa makini. Macho mekundu yalihesabiwa kuwa dalili ya uchawi, na macho ya bibi aliyepikia kinyesi cha ng'ombe kwa miaka 50, katika nchi iliyokwisha miti, hayana budi kuwa mekundu. Moshi ulimtia alama, ramli ikamtia jina, na panga likafuata.

Tangu mwaka 2007 zilienea habari za mauaji ya watu wenye ualbino. Wauaji walisadiki, au walifanya biashara na waliosadiki, kwamba katika viungo vya watu hao mna nguvu ya kumwonyesha mchimbaji mahali penye dhahabu. Mwezi wa Januari 2009 serikali ilifuta leseni za waganga wa jadi. Mwezi wa Septemba mwaka huo Mahakama Kuu, iliyoketi Kahama, iliwahukumu kifo watu watatu kwa kumuua mvulana mwenye ualbino wa Bukombe, wilaya ambayo leo imo katika mkoa wa Geita. Katika mji wa Shinyanga shule ya Buhangija iligeuka kuwa kimbilio. Watoto walilala bwenini mbali na wazazi wao ili waishi.

Isidhaniwe kwamba mkandaji wa mjini azungumzaye habari za nishati ni ndugu wa wauaji hao. Wala si kila mfumu ni mpiga ramli wa namna hiyo. Wengi ni wajuzi wa mitishamba na waunga mifupa, na tangu 1974 Muhimbili imekuwa na kitengo, ambacho baadaye kilikuwa taasisi, cha kuchunguza dawa zao. Sheria ya mwaka 2002 iliwapa mahali katika mpango wa tiba wa nchi. Kinachowaunganisha mkandaji, mzee wa Samunge na mpiga ramli si tabia, bali ni namna ya kujua. Kila mmoja wao husema kwamba amehisi, na kwamba kuhisi kwake kwatosha. Jamii iliyozoea kulipokea neno hilo bila ya pazia katika jambo la shingo iliyokakamaa, itapata wapi desturi ya kulikataa siku litakapotaja jina la bibi? Mashaka ya mtafiti, ambayo wengi huyaona kuwa kiburi au ukosefu wa imani, ni ulinzi wa mtu asiye na wa kumtetea.

Imebaki kuulizwa kama mashaka hayo huuacha mkono mtupu. Hayauachi. Kuhusu kukanda kwenyewe, wachunguzi wa Cochrane walikusanya mwaka 2015 majaribio 25 ya watu 3,096 wenye maumivu ya kiuno, wakaona kuna nafuu ya muda mfupi, ila wakaonya kwamba ushahidi ni dhaifu. Hiyo ni sifa ndogo, lakini ni sifa ya haki. Kuhusu ngozi, Håkan Olausson wa Sweden na wenzake walionyesha mwaka 2002 kwamba mwanadamu ana nyuzi za fahamu ambazo kazi yake ni kupokea mpapaso wa polepole, na kuupeleka katika sehemu za ubongo zinazohusika na hisia za moyo. Kuhusu faraja, Ted Kaptchuk na wenzake walichapisha mwaka 2008 jaribio la wagonjwa 262 wenye maumivu ya tumbo ya kudumu. Waliowekwa wakingoje bila ya tiba, asilimia 28 walipata nafuu ya kutosha. Waliopewa sindano za bandia na tabibu mwenye maneno machache, asilimia 44. Waliopewa sindano zile zile za bandia na tabibu aliyewasikiliza kwa upole, asilimia 62. Sindano haikuwa na kitu. Usikivu ulikuwa na kitu, na ulihesabika.

Ushahidi ulio mkubwa kupita huo umetoka kwa sehemu katika Tanzania. Katika Bogotá, nchini Kolombia, mwishoni mwa miaka ya 1970, uhaba wa vyombo vya kutia joto uliwafanya madaktari wawaweke watoto njiti kifuani mwa mama zao, ngozi kwa ngozi, kama kangaruu abebavyo mtoto. Shirika la Afya Duniani lilitaka kujua kama jambo hili lafaa kuanzwa mara mtoto azaliwapo, hata kabla hali yake haijatulia. Hospitali za Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania zilishiriki, na watoto 3,211 waligawanywa kwa bahati katika makundi mawili. Matokeo yalichapishwa mwaka 2021. Katika kundi la uangalizi wa kawaida, watoto 15.7 katika kila 100 walifariki ndani ya siku 28. Katika kundi la kifua cha mama, 12.0. Jaribio lilisimamishwa kabla ya wakati wake, kwa kuwa kuendelea kuwanyima kundi la pili kungekuwa dhuluma. Hapo mizani ile ile iliyoukataa mkono usiogusa ilikishuhudia kifua kinachogusa. Haikuhitajika nishati isiyo na jouli. Joto, pumzi, maziwa na uangalizi wa mama aliye karibu vilitosha kuokoa maisha.

Kwa mtu aliyekwisha patwa na ukoma, dawa huua vijidudu, lakini haimrudishii fahamu zilizokufa vidoleni. Mkono wake hauhisi moto wala mwiba. Ngozi hukauka, hupasuka, na kidonda huingia kimya kimya. Kwa hiyo wagonjwa wa namna hiyo hufundishwa kulowesha mikono na miguu katika maji kila siku, kuisugua ngozi ngumu, kuipaka mafuta wakati ingali na unyevu, na kuvinyoosha vidole kimoja kimoja visije vikajikunja. Hii ni kazi ya kukanda kama ya bibi yeyote wa Usukuma, na haidai siri. Mwenye kuifanya haambiwi kwamba ataponywa. Huambiwa kwamba vidole vyake vitaweza kushika kikombe mwaka ujao, na mwaka ujao ukifika, yeye mwenyewe huona kama alielezwa kweli.